Kashata za Mtani

Kanuni ya kwanza ya ulezi wa biashara, kama nilivyoinakili kwenye ukurasa wa ndani wa daftari langu, ni kwamba mlezi hatoi majibu. Mlezi anauliza. Mwenye biashara ndiye anayeijua biashara yake, majibu yote anayo mwenyewe, na kazi ya mlezi ni kuyaita kwa maswali mpaka yatoke. Niliiamini kanuni hiyo kwa miaka miwili, mpaka siku nilipovunjika jino.

Kazi hii sikuisomea chuoni. Nilimaliza darasa la saba, nikawa karani wa mizani katika chama cha msingi cha wakulima wa korosho, na kwa miaka kumi na tisa nikaandika kilo za watu wengine. Jioni nilisoma. Kila nilipokwenda Dar es Salaam nilinunua vitabu vilivyotumika, nikavisoma na kamusi pembeni, sura moja kwa wiki, na kila mwisho wa sura niliandika muhtasari. Mradi mmoja wa kusaidia wajasiriamali ulipokuja Kilwa kutafuta walezi, nilikwenda kwenye usaili na madaftari kumi na moja ya mihtasari. Nafikiri walinichukua ili niyafunge.

Kwenye karatasi nilikuwa mlezi wa biashara, lakini vijana wa mradi walisema kocha, na neno hilo likatoka nje. Kwa muda mrefu wazee wa barazani walinisimamisha njiani kuniuliza kwa nini timu yetu haina beki wa kushoto. Niliwaeleza tofauti. Walinisikiliza mpaka mwisho, kisha wakasema hata hivyo beki wa kushoto anahitajika.

Utaratibu wangu ulikuwa vikao kumi na viwili kwa kila mteja, kila kikao saa moja, na maswali arobaini niliyoyapanga mwenyewe kutoka mepesi kwenda mazito. Sikunywa chai wakati wa kikao. Sikuzungumza habari za kwangu. Sikutoa maoni juu ya bidhaa ya mteja, kwa sababu vitabu vinne kati ya vitano vilikataza, na cha tano hakikugusia.

Mteja wangu wa nne alikuwa mama wa miaka arobaini na kidogo, mzaliwa wa Rutamba, mkazi wa Kilwa Kivinje. Kwa miaka kumi na mitano, tangu alipoachika, alikuwa akiuza chapati na maharage stendi. Siku moja meneja wa hoteli ya Kilwa Masoko alisimama pale kunywa chai, akamwambia anatafuta kitu cha hapa hapa cha kuwawekea wageni vyumbani, kitamu na kidogo, chenye korosho. Yule mama akamwambia yeye anapika kashata za korosho. Meneja akasema vizuri, atakuja kuonja kabla ya Idi Kubwa.

Kwa ahadi hiyo ya kuonja, yule mama aliacha kibanda chake. Wifi yake alikichukua siku ile ile, akakipaka rangi ya kijani, akaandika jina lake juu ya dirisha. Naye kaka yake wa Rutamba alishampigia simu: hoteli ikikataa, arudi nyumbani wapalilie mikorosho pamoja, na chumba kipo, kile cha nyuma yanapowekwa majembe. Kwa hiyo tangu kikao cha kwanza mambo yalikuwa wazi. Ama hoteli inazitaka kashata, ama mtu mzima aliyejitegemea miaka kumi na mitano anarudi kulala na majembe ya kaka yake.

Kikao cha kwanza kilianza vizuri. Alinikaribisha uani kwake, akanipa kigoda, akasema, "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia marahaba, nikafungua daftari, nikasoma swali la kwanza: anaiona wapi biashara yake baada ya miaka mitano?

"Hapo hapo jikoni," akasema. "Itakwenda wapi?"

Niliandika jibu kama lilivyo. Nikaendelea na swali la pili, lakini yeye alikuwa ameinamisha kichwa upande kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia kwamba mlezi hazungumzi habari zake, ili kikao kibaki cha mteja. Akasema hajaniuliza nina wake wangapi, ameniuliza kwetu. Nikasoma swali la tatu. Akacheka kabla sijafika mwisho wake, akasema hata nikisoma Kiswahili cha serikali, milima inasikika.

"Wewe Kipatimu," akasema.

Nikakubali kwamba nilizaliwa Kipatimu.

"Mmatumbi." Alilitamka neno hilo kwa furaha ya mtu aliyekuta shilingi kwenye mfuko wa nguo ya zamani. "Wameniletea Mmatumbi."

Kwa asiyetoka pande zetu, nieleze. Watu wake ni Wamwera, wangu ni Wamatumbi, na huko tulikokulia sisi wawili watu hao walihesabiana watani, tangu enzi za mababu ambao hakuna anayekumbuka waligombania nini. Mtani anakutukana mbele za watu, nawe huruhusiwi kukasirika. Anachukua kitu chako, nawe huruhusiwi kukidai. Msibani kwenu anakuja kuchekesha wafiwa, na asipokuja watu wanauliza kulikoni. Anayekasirika ndiye mwenye kosa, na hutozwa faini.

Tangu dakika hiyo sikupewa tena shikamoo. Alinyoosha mkono, akachukua kalamu yangu, akaichomeka kwenye kilemba chake.

"Hii imetekwa."

Nikamwomba anirudishie, kwa kuwa ilikuwa ya mradi.

"Basi mradi aje mwenyewe."

Jioni ile niliandika kwenye daftari: Mteja ni mchangamfu. Umakini utahitaji kujengwa. Kikao cha pili nilikwenda na kalamu mbili, zikatekwa zote. Kuanzia cha tatu niliandika kwa penseli fupi ambayo haikumtamanisha mtu.

Sasa niseme juu ya kashata zenyewe. Zilinukia vizuri kuliko kashata yoyote niliyowahi kukutana nayo, iliki kwa mbali na korosho iliyokaangwa ikaiva sawasawa. Zilikatwa kwa unene wa sabuni ya mche. Rangi yake ilikuwa ya asali. Alinipa kipande kikao cha pili, nikajiambia kwamba kuonja bidhaa si kunywa chai, nikauma. Hakikutokea kitu. Nikakihamishia upande wa magego, nikauma tena kwa nguvu zaidi, na bado hakikutokea kitu, isipokuwa nilisikia sauti ndani ya sikio.

Akaniuliza naionaje. Nikamwuliza yeye mwenyewe anaionaje. Akasema nzuri. Nikauliza wateja wanasemaje. Akasema wanasema nzuri sana.

Hilo nilitaka kulithibitisha. Wiki iliyofuata nilichukua vipande kumi na viwili na karatasi yenye safu nne, nikazunguka Kivinje nikiwagawia watu tofauti tofauti: wenye maduka, mwalimu wa madrasa, muuguzi, wazee wa barazani, wavuvi wawili waliokuwa wakishona nyavu. Wote kumi na wawili walisema nzuri sana, mashaallah. Lakini mimi ni karani wa mizani, nimezoea kubaki mpaka mzigo ushuke, kwa hiyo nilikaa kuwaangalia. Mwalimu wa madrasa alikifunga chake kwenye leso, akasema atawapelekea watoto. Mzee mmoja alikizungusha mdomoni muda mrefu, akakitoa, akakitazama, akasema kina baraka kwa sababu hakiishi. Cha mwenye duka nilikikuta kesho yake kimezuia mlango usipigwe na upepo.

Mtu wa Kivinje hawezi kukuambia chakula chako kibaya. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na baba yake, na babu yake. Atakula, atashukuru, atakuombea, na akishindwa kula atasema ameshiba. Nilikuwa na safu iliyoandikwa Anaonaje, ambako wote waliandikwa nzuri sana, na safu iliyoandikwa Amemaliza, ambako palikuwa patupu kutoka juu mpaka chini.

Nilimpelekea karatasi ile kikao cha nne. Niliiweka mbele yake, nikamwuliza anaona nini kwenye safu ya mwisho. Aliitazama vizuri.

"Naona wameweka akiba," akasema.

Niliuliza kwa njia nyingine. Niliuliza kama huenda kuna jambo wateja wanaona haya kumwambia. Akasema ndiyo, wanaona haya kuomba nyongeza. Niliuliza mtu asiye na meno ya mbele angeshauri nini. Akasema mtu asiye na meno ya mbele angenishauri mimi niache kuuliza maswali ya ajabu, kisha akanieleza, mbele ya majirani zake, jinsi Wamatumbi wanavyoshuka mlimani kufuata chumvi na wakifika pwani wanasahau walichofuata, wakarudi na mchanga. Majirani walicheka mpaka ungo wa korosho ukamwagika. Mimi nilisubiri wamalize, nikasoma swali linalofuata.

Kikao cha sita alinipa kipande kingine. Nilikubali kwa adabu tu. Gego la chini kushoto likapasuka. Nilimaliza maswali manne yaliyobaki nikiwa na nusu ya jino chini ya ulimi, nikaaga, nikapanda bodaboda mpaka hospitali. Daktari wa meno aliniuliza nimeuma nini. Nikasema kashata. Akauliza kashata ya wapi. Nikamwambia hiyo ni siri ya mteja.

Kikao cha saba kiliangukia siku tisa kabla ya meneja kuja. Shavu langu bado lilikuwa limevimba. Nilimkuta uani na majirani zake watatu, wamekaa kwenye mkeka wanamenya korosho zilizobanguliwa, na yeye ndiye aliyeniona wa kwanza.

"Mtazameni Mmatumbi kaja na embe shavuni," akasema. "Uliiba kwa nani, ukaona huna pa kuificha?"

Nikakaa kwenye kigoda, nikafungua daftari. Jirani mmoja akasema labda ni sukari, kwao haijafika, ameibeba akawaonyeshe. Yule mama akasema hapana, hayo ni maswali yaliyobaki, amekosa pa kuyaweka. Nikatafuta swali la ishirini na sita. Akaendelea. Akasema mengi, na nilipoinua macho kumwomba tuanze, nilimwona ananitazama. Mdomo ulikuwa unacheka lakini macho yalikuwa yanasubiri.

Hapo nikagundua, kwa kuchelewa kwa vikao saba, kwamba nilikuwa sijawahi kumjibu. Kwa wiki zote hizo alikuwa akinitukana peke yake, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye watu ndani. Kwetu mtani asiyejibu si mpole. Ni mtu aliyekukataa. Na shavu lilikuwa linauma. Sijui kipi kati ya hayo mawili kilifanya kazi zaidi. Nilifunga daftari.

"Sikiliza, Mmwera," nikasema. "Watu wako walipoiona bahari mara ya kwanza walidhani ni mafuriko, wakapanda juu ya mikorosho. Wengine bado wako huko. Wewe umeshuka juzi, umeshuka na hizi unazoziita kashata. Hizi si kashata, ni matofali. Gego langu limetafuna makopa ya muhogo ya Kipatimu miaka thelathini, limekuja kufia kwako. Hawa wenzako wanakuambia nzuri kwa sababu wana adabu. Mimi ni mtani wako, adabu sina. Hazilikiki. Meneja akija akauma moja, atarudi Masoko na meno yake mkononi, na wewe utarudi Rutamba."

Jirani mmoja alianza kukagua kucha zake. Mwingine alimenya korosho moja kwa uangalifu wa mtu anayemvua mtoto shati. Mkubwa wao, bibi wa nyumba ya pili, alijifunika mdomo kwa ncha ya kanga, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Mimi yangu nilimpa mbuzi," akasema.

Mtu akauliza mbuzi alifanyaje.

"Aliilamba, akaniangalia."

Basi wakacheka wote watatu, na adabu ya wiki saba ikamwagika pale mkekani. Mmoja alikuwa na vipande tisa kwenye kopo, kimoja kwa kila siku aliyopewa. Mwingine mume wake alikuwa amekitumia kuwekea mguu wa kitanda. Mimi sikucheka, kwa sababu yule mama hakuwa anacheka. Alisimama, akaingia ndani.

Nilitazama saa. Dakika nne. Nilikuwa nimeanza kupanga jinsi ya kuwaandikia mradi kwamba nimempoteza mteja, alipotoka na sinia na mchi wa kinu. Akaweka kashata moja kwenye kizingiti, akaipiga. Haikuvunjika. Akaipiga mara ya pili. Mara ya tatu ikavunjika vipande viwili, na kimoja kikaruka mpaka kwa kuku.

"Mara tatu," akasema. Kisha akanigeukia. "Kwa nini hukusema?"

Nikaanza kumweleza kuhusu kanuni.

"Mimi nimekaa na watu hawa miaka kumi na mitano," akasema. "Najua wana adabu. Nikiwapa jiwe watasema limeiva. Nilipokusikia wewe ni Mmatumbi, nilisema alhamdulillahi, huyu ataniambia. Nikakuteka kalamu, ukaniomba kwa heshima. Nikakutukana, ukasoma swali. Ningemwuliza nani mwingine?"

Akasema nimetozwa faini kwa kumkataa mtani wiki saba. Faini yenyewe ni kupika naye kila siku mpaka meneja aje. Bibi wa nyumba ya pili akasema faini ni ndogo.

Kesho yake asubuhi nikapata habari ambayo maswali yangu yote hayakuwahi kuigusa, kwa sababu sikuwahi kuuliza jambo dogo namna ile. Nilimwuliza tu kwa nini anazipika ngumu. Akasema zamani zilikuwa laini. Alipoanza kuzijaribu pale stendi, joto la mchana liliziyeyusha, zikagandana na karatasi, watu wakawa wanalamba maandishi ya gazeti. Ndipo akawa anaiacha sukari jikoni muda mrefu zaidi, kila siku zaidi kidogo, mpaka zikaacha kuyeyuka. Haikuwa ukaidi. Alikuwa ametatua tatizo moja kwa kulihamishia kwenye meno ya watu.

Katika kazi hii vitabu vyangu vilisaidia kidogo. Nilijua kwamba havibadilishwi vitu viwili kwa pamoja, na nilikuwa na saa na rula. Siku ya kwanza tulipunguza muda wa sukari jikoni. Zilikuwa tamu na laini, tukaziweka dirishani kupima joto, na kufika adhuhuri zimegandana na karatasi, na sisimizi wamejipanga kwa utaratibu ambao mradi ungeupenda. Siku ya pili tuliongeza tui. Zikapendeza sana, mpaka siku ya nne zikaanza kunuka. Tulipopunguza sukari zikamong'onyoka, ikabidi tuzile kwa kijiko. Tulipozikata ndogo zikawa kokoto badala ya matofali.

Siku ya tano kaka yake alipiga simu tukiwa jikoni. Sikusikia upande wa pili, nilisikia tu yeye akisema ndiyo, amesikia, amsubiri. Alipoweka simu hakunitukana, na hilo lilinitia wasiwasi kuliko sisimizi wote.

Siku ya sita tulirudia upishi wake wa zamani, ule mgumu, ili tuwe na cha kulinganishia. Aliimimina kwenye sinia, akaikata, akaiweka pembeni. Nilikuwa nasubiri dakika zitimie ili niandike, na njaa ilikuwa imenishika, kwa hiyo nikachukua kijiko nikaanza kukwangua ukoko ulioshika ubavuni mwa sufuria.

"Jamani, mtazameni karani," akasema, na nilifurahi kumsikia. "Anakomba sufuria. Kwenu mlizaliwa wangapi, mpaka leo hujashiba?"

"Ukoko ndio unaolika, mpishi," nikamjibu. Nilikuwa nimeshazoea. "Hayo ya kwenye sinia tutajengea choo."

Nikatia ukoko mdomoni, upande wenye meno, nikauma. Ukalia ka, kama kijiti kikavu.

Akaacha alichokuwa anafanya. "Rudia," akasema.

Nikatia kingine. Ka. Akaninyang'anya kijiko, akakwangua mwenyewe, akauma, akanitazama huku anatafuna. Bibi wa nyumba ya pili aliingia kuomba moto, akapewa kipande, akakitafuna na meno yake machache, akakimeza. Ninaandika kwamba alikimeza kwa sababu nilikuwa namwangalia koo. Nikachukua rula. Ukoko ulikuwa milimita mbili. Kashata za kwenye sinia zilikuwa ishirini na mbili. Sukari ni ile ile, moto ule ule, sufuria ile ile.

Nilitaka tujadili. Nilikuwa na wazo la kutengeneza fremu ya mbao yenye kina kinachopimika. Yeye alikuwa ameshaondoka. Alirudi na kile kifimbo cha kusukumia chapati, akakipaka mafuta, akapika nyingine, akaimimina kwenye sinia, akaisukuma ingali ya moto, mbele na nyuma, robo mzunguko, mbele na nyuma, kama alivyofanya kila alfajiri kwa miaka kumi na mitano. Nilipoweka rula, pembe zote nne zilikuwa sawa. Nikaacha kuzungumzia fremu. Tuliziweka dirishani jua likiwa kali, na jioni zikainuka kwenye karatasi bila kuacha alama.

Meneja alikuja siku ya tisa baada ya alasiri, kwa pikipiki. Alikuwa mtu wa makamo, wa familia ya zamani ya Kivinje, shati limenyooshwa, sauti ya chini. Yule mama alikuwa ameniagiza nikae kwenye kigoda changu na nisimwulize mgeni swali lolote. Majirani watatu walikuwa mkekani na korosho zao, wakimenya polepole kuliko siku zote.

Meneja akasalimia kila mtu mmoja mmoja, akauliza hali za nyumbani, akakaa. Akaletewa kisahani cha kashata nyembamba. Akachukua moja, akauma. Ka. Akatafuna, akameza, akapangusa vidole.

"Nzuri sana, mashaallah," akasema.

Nilimtazama yule mama, naye akanitazama. Maneno yalikuwa yale yale, na sauti ile ile, waliyoitoa wale kumi na wawili. Yeyote aliyelelewa Kivinje angesema hivyo hivyo juu ya kipande cha tofali. Nilikuwa na maswali kumi na matano ambayo hayajatumika, na hata moja halikufaa. Bibi wa nyumba ya pili alikuwa ameacha kumenya kabisa.

Yule mama akaingia ndani, akatoka na kashata moja ya zamani, nene, akaiweka kwenye kisahani kando ya zile nyembamba.

"Baba," akasema, "moja kati ya hizi naacha kuipika kuanzia leo. Nisaidie. Niache ipi?"

Meneja akasema zote zinapendeza, kila moja kwa namna yake. Yule mama akasema ahsante, akabaki amesimama. Meneja akasema inategemea na mlaji. Yule mama akakubali kwamba inategemea, akabaki amesimama. Meneja, kwa kuwa mtu mwema hawezi kuhukumu kitu asichokionja, akaichukua ile nene akaielekeza mdomoni, na mimi nikajikuta nimenyanyuka nusu kutoka kwenye kigoda. Labda aliniona. Labda aliona shavu. Akaishusha taratibu, akaigonga kwenye kisahani, ikalia kama kengele ndogo. Akakikagua kwanza kisahani kama kimepona.

"Hii," akasema kwa upole mkubwa, "tuisomee dua."

"Na hizi?"

"Hizi usiache."

Akataja idadi ya vyumba. Akasema anahitaji pakiti ya kila chumba ifikapo mkesha wa Idi, kisha kila Alhamisi wageni wanapokuwepo, kama yule mama ataweza. Yule mama alisema ataweza kabla hajamaliza kuuliza. Alisema bila kutabasamu na bila kukaa, mikono imeshika ncha za kanga, kama mtu anayeogopa kwamba akisogea mambo yatabadilika.

Meneja akaaga kila mtu mmoja mmoja, akaenda kwenye pikipiki. Sote tulimtazama. Bado nilikuwa na shaka, kwa sababu najua mtu wa mjini anaweza hata kuagiza kwa adabu, kisha simu isipatikane. Akavaa kofia yake ngumu, akafunga kamba ya kidevuni. Akakaa kidogo. Akaifungua kamba, akaivua kofia, akarudi uani, akachukua nyembamba tatu kwenye kisahani bila kusema neno na bila kumtazama mtu, akaondoka akitafuna.

Hapo ndipo mtani wangu alipokaa chini, kwenye kizingiti, akanyoosha miguu yote miwili. Akavuta pumzi. Akaniambia nimesimama namkodolea nini, sufuria kubwa haijaoshwa na mtungi hauna maji, au kwetu milimani maji hujileta yenyewe. Nikachukua ndoo.